Kikorea kwenye orodha ya spea: 필터 inasomeka lakini kutafuta hakuipati

Spea_Nyakato

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa anayejua vizuri jinsi Kikorea kinavyohifadhiwa ndani ya kompyuta.

Tunauza spea za magari ya Kikorea na za injini za boti hapa Nyakato, Mwanza. Orodha zinatoka Korea Kusini kwa CSV, yaani faili la maandishi lenye safuwima: namba ya spea, jina kwa Kikorea, bei. Jina la Kikorea hatuwezi kulitupa maana oda inarudi kule na jina hilohilo. Mfumo wetu ni Python na hifadhidata ya MySQL.

Faili la kwanza nikilifungua kwa Excel, mahali pa neno filta naona ÇÊÅÍ. La pili linaonekana safi, 필터 inasomeka, lakini nikiandika 필터 kwa kibodi kwenye sehemu ya kutafuta napata sifuri. Nikilinakili neno lilelile kutoka kwenye orodha na kulibandika, linapatikana. La tatu lina alama za kuuliza ndani ya majina machache, mengine mazima. Halafu kuna SMS za wateja wa Musoma, Bukoba na Nansio: tukiweka jina la Kikorea, gharama inapanda mara mbili au tatu kwa ujumbe uleule.

Haya ni matatizo manne au ni moja? Natanguliza shukrani.

Fundi_Kirumba

Mkuu, ni manne, ila matatu ya kwanza yana mzizi mmoja: neno moja la Kikorea linaweza kuandikwa kwa baiti tofauti kabisa na bado likaonekana vilevile kwenye kioo. Usirekebishe chochote kabla hujaziona baiti zenyewe. Kwenye Linux andika `xxd faili.csv | head`, kwenye Windows tumia `Format-Hex` ya PowerShell. Neno 필터 litatokea kwa sura mojawapo ya hizi:

```
C7 CA C5 CD
ED 95 84 ED 84 B0
E1 84 91 E1 85 B5 E1 86 AF E1 84 90 E1 85 A5
```

Ya kwanza ni msimbo wa zamani wa Korea Kusini, EUC-KR au mwenzake CP949 wa Windows: baiti mbili kwa kila silabi. Ya pili ni UTF-8, njia ya kawaida ya leo ya kuandika Unicode (orodha ya kimataifa ya namba za herufi) kwa baiti, yenye silabi nzima, baiti tatu kwa kila moja. Ya tatu nayo ni UTF-8 halali, ila silabi zimevunjwa hadi herufi mojamoja, kwa hiyo neno la baiti 6 limekuwa la baiti 15. Sura hiyo ya tatu ndiyo ya faili lako la pili, naweza kusema bila hata kuliona.

Sasa kwa nini. Herufi za Kikorea, zinazoitwa jamo, hazipangwi kwa mstari kama zetu. Zinakusanywa ndani ya mraba wa silabi: konsonanti ya mwanzo, irabu, na pengine konsonanti ya mwisho chini yake. 필 ni ㅍ, ㅣ na ㄹ. Kwa Kikorea cha leo konsonanti za mwanzo ni 19, irabu 21, za mwisho 27. Ukihesabu na hali ya kukosa konsonanti ya mwisho zinakuwa 28. Zidisha 19 × 21 × 28 unapata 11,172. Unicode imezipa silabi zote hizo namba zake, kuanzia U+AC00 hadi U+D7A3, zimepangwa bila pengo hata moja. Kwa sababu hakuna pengo, namba ya silabi yoyote inapatikana kwa hesabu:

```
namba = 44032 + mwanzo × 588 + irabu × 28 + mwisho
```

44032 ni AC00 kwa desimali, na 588 ni 21 × 28. Mwanzo na irabu vinahesabiwa kuanzia 0. Mwisho, 0 maana yake hakuna. Fanya kwa 필: ㅍ ni ya 17, ㅣ ni ya 20, ㄹ ya chini ni ya 8. 44032 + 9996 + 560 + 8 = 54596, yaani U+D544. Ukiiweka kwenye UTF-8 inakuwa ED 95 84, zilezile za mstari wa pili hapo juu. Kurudi nyuma ni kugawanya tu: toa 44032, gawa kwa 588 upate mwanzo, salio gawa kwa 28 upate irabu, kinachobaki ndicho mwisho. Huhitaji jedwali lolote la silabi, na ndiyo maana programu za Kikorea zilizoandikwa vizuri ni fupi mno.

Mbali na silabi nzima, Unicode ina jamo za kuungana zinazoanzia U+1100. Humo ㄹ ya mwanzo na ㄹ ya mwisho ni namba mbili tofauti, U+1105 na U+11AF, ili programu ijue ipi inakaa juu na ipi chini. Ukiandika U+1111 U+1175 U+11AF mfululizo, fonti nzuri inachora 필 ambayo jicho halitaitofautisha na U+D544. Kompyuta inalinganisha namba, haiangalii umbo. Kibodi yako inatoa silabi nzima na faili lako lina vipande, ndiyo maana kutafuta kunakurudishia sifuri. Ukinakili na kubandika unapeleka vipande vilevile, basi vinakutana.

Sura ya silabi nzima inaitwa NFC, ya vipande NFD. NFD huwa inatoka kwenye kompyuta za Mac: mfumo wake wa zamani wa mafaili, HFS+, ulihifadhi majina ya mafaili yakiwa yamevunjwa. Mtu akitengeneza orodha kutokana na majina ya picha za spea, vipande vinaingia kwenye CSV bila yeye kujua. Muulize muuzaji wako kama orodha ile ilitengenezwa hivyo.

Tiba ni kusawazisha kila kitu mlangoni, kabla hakijaingia MySQL:

```
import unicodedata

def soma(njia):
    ghafi = open(njia, 'rb').read()
    try:
        matini = ghafi.decode('utf-8-sig')
    except UnicodeDecodeError:
        matini = ghafi.decode('cp949')
    return unicodedata.normalize('NFC', matini)
```

Mpangilio huo usiugeuze. UTF-8 ina masharti makali ya baiti ipi ifuate ipi, kwa hiyo faili la CP949 lenye Kikorea cha kutosha litagoma tu kusomeka kama UTF-8, nawe utajua. Ukianza na CP949 hupati uhakika wa namna hiyo. Na andika `cp949`, usiandike `euc_kr`, hata kama muuzaji anasema faili ni EUC-KR. Sababu ataieleza mwingine, ila ndipo faili lako la tatu lilipo. Maneno ambayo wateja wanaandika kwenye sehemu ya kutafuta nayo yapitishe kwenye `normalize` hiyohiyo.

Dada_Bukoba

Kaka Fundi ameeleza vizuri, naongezea la alama za kuuliza.

Kiwango cha Korea Kusini cha 1987, KS C 5601, ambacho sasa kinaitwa KS X 1001, hakikuweka silabi zote 11,172. Kilichagua 2,350 zinazotumika sana: safu 25 za nafasi 94, kuanzia B0 A1 ambayo ni 가 hadi C8 FE. EUC-KR halisi inabeba hizo tu. Zilizobaki ni 8,822, na Microsoft ilizichomeka kwenye nafasi zilizokuwa wazi. Msimbo uliotokea ndio CP949. Silabi kama 똠 na 펲 zimo kwenye CP949 lakini hazimo kwenye EUC-KR. Maneno ya kawaida ya Kikorea yanatoshea karibu yote ndani ya zile 2,350. Majina ya bidhaa na maneno ya kigeni ndiyo yanayodondokea nje. Kwa hiyo programu ikigeuza orodha kwenda EUC-KR, majina machache ndiyo yanaumia na mengine yanabaki mazima, sawasawa na ulivyoona.

Angalia baiti mahali pa alama ya kuuliza. Ukikuta 3F, hiyo ni alama ya kuuliza ya kweli: silabi imeshafutwa na hakuna programu itakayoirudisha. Omba faili upya, na waambie wakupe UTF-8. Ukikuta EF BF BD, ni msomaji wa UTF-8 aliyeshindwa kuelewa baiti fulani akaweka alama badala yake, nayo imeshapotea. Lakini ukikuta A4 D4 ikifuatwa na jozi tatu zinazoanza na A4, usiifute! Hiyo ni njia ya KS X 1001 ya kuandika silabi iliyo nje ya zile 2,350 kwa kutaja jamo zake, baiti nane kwa silabi moja. Kodeki (kigeuzi cha msimbo) ya `euc_kr` ya Python inaandika hivyo, ambapo programu nyingine nyingi hazijui kuisoma. Kwa rekodi hizo pekee soma kwa `euc_kr`, zitarudi.

Kuhusu Excel: ukibofya CSV mara mbili, Windows ya Kiingereza inaisoma kwa msimbo wa Ulaya Magharibi, 1252. Faili la CP949 linakuwa ÇÊÅÍ, la UTF-8 lisilo na alama ya mwanzo linakuwa í•„í„°. Ukishazizoea hizo sura mbili, kwa jicho tu unajua faili ni la aina gani. Usibofye mara mbili. Nenda menyu ya data, chagua kuingiza kutoka faili la maandishi, kisha 949 ya Kikorea au 65001 ambayo ni UTF-8. Na CSV unayoitoa wewe ili ifunguliwe kwa Excel, iandike kwa `utf-8-sig`. Inaweka EF BB BF mwanzoni na Excel inaelewa.

Kama kuna mtu alishahifadhi ÇÊÅÍ ndani ya hifadhidata, bado inaokoleka:

```
'ÇÊÅÍ'.encode('cp1252').decode('cp949')
```

Inakupa 필터. Kwa silabi zile 2,350 njia hii ni salama kabisa, kwa kuwa baiti zake zote ziko kati ya A1 na FE na 1252 inazijua zote. Kwa í•„í„° tumia `decode('utf-8')`, lakini kuna silabi zitakazogoma: 1252 haina herufi kwa baiti 81, 8D, 8F, 90 na 9D, na UTF-8 ya Kikorea inazitumia. Fanyia majaribio kwenye nakala ya jedwali, kamwe usianze na jedwali lenyewe.

Jambo moja la hatari kwenye CP949 ambalo watu hulisahau: baiti ya pili ya zile silabi 8,822 inaweza kuwa herufi ya kawaida ya Kilatini. 똠 ni 8C 63, na 63 ni herufi c. Programu inayogeuza baiti kuwa herufi kubwa bila kujua msimbo itaifanya 8C 43, ambayo ni silabi nyingine halali. Hakuna kosa litakalotokea kwenye kioo, na oda itaondoka na jina lisilo sahihi. Geuza kwenda UTF-8 kwanza, ndipo uguse herufi kubwa na ndogo.

Mzee_Pansiansi

Vijana, niongeze la historia, maana linaeleza uchafu mtakaokutana nao kwenye kumbukumbu za zamani.

Mfalme Sejong alikamilisha herufi hizi 1443 na zikatangazwa rasmi 1446, na tangu hapo silabi imekuwa kitu kinachoundwa kwa vipande. Kompyuta zilipokuja, Wakorea waligawanyika. Njia moja, iliyoitwa Johab, ilitumia biti 16: moja ya alama, tano za konsonanti ya mwanzo, tano za irabu, tano za konsonanti ya mwisho. Silabi zote 11,172 ziliingia bila shida, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoheshimu zaidi jinsi herufi zenyewe zilivyo. Njia ya pili ilikuwa orodha ya silabi zilizochaguliwa, ndiyo hiyo 2,350, na ndiyo iliyoshinda kwa sababu ililingana na viwango vya kimataifa vya wakati ule.

Unicode nayo haikupatia mara moja. Toleo la 1.1 la 1993 lilikuwa na silabi 6,656, kuanzia U+3400 hadi U+4DFF, kwa mafungu matatu yaliyofuatana bila kuchanganywa, hivyo mpangilio mmoja wa alfabeti haukuwepo. Toleo la 2.0 la 1996 liliziondoa zote pale na kuweka 11,172 mpya kuanzia U+AC00. Data yoyote ya Kikorea iliyoandikwa kwa namba za zamani ilikufa siku hiyo. Baadaye karibu eneo lote lile lilipewa herufi za Kichina, kwa hiyo maandishi ya zama hizo yakifunguliwa leo yanaonekana kama Kichina kisicho na maana. Maumivu hayo yalifanya Unicode iweke sharti kwamba herufi ikishapewa namba haihamishwi tena.

Faida tuliyoipata: ukipanga silabi kwa namba zake tu, unapata mpangilio wa kamusi za Korea Kusini. Kwenye CP949 hupati, kwa kuwa zile 8,822 zimekaa pembeni ya 2,350.

Tahadhari kuhusu NFC. KS X 1001 ina pia herufi za Kichina, na 268 kati yake zimerudiwa kwa sababu zina matamshi zaidi ya moja ya Kikorea. NFC inazibadilisha kuwa moja. Kwa spea haidhuru, lakini anayeshughulikia majina ya watu au hati za zamani atunze faili ghafi kando, bila kuligusa.

Ngosha_SMS

Hilo la SMS, ndugu yangu, halihusiani na CSV kabisa. Ujumbe mmoja unabeba baiti 140. Herufi za kawaida za GSM, kiwango cha mitandao ya simu, zinatumia biti 7, kwa hiyo zinaingia 160. Ikitokea hata herufi moja isiyo kwenye jedwali la GSM, ujumbe mzima unahamia UCS-2 wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi zinabaki 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya 67, kwa kuwa baiti chache za kila kipande zinatumika kuviunganisha. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa tatu kwa ajili ya neno 필터 peke yake. Na kama 필터 hiyo ni ya vipande, inakula nafasi 5 badala ya 2.

Weka namba ya spea kwenye SMS, jina la Kikorea libaki kwenye ankara. Na chunguza SMS zenu za Kiswahili pia: simu na Word hupenda kugeuza ' kuwa ’ iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye GSM. Mkiandika Nyang’hwale au ng’ombe kwa alama hiyo, mnalipa sawa na mnaoandika Kikorea. Kabla ya kutuma:

```
ujumbe = ujumbe.replace('\u2019', "'")
```

Spea_Nyakato

Wakuu, nashukuru sana. Shikamoo Mzee. Nimeangalia baiti: la kwanza ni C7 CA, la pili ni E1 84, la tatu ni 3F, nimeshaomba lingine. Bado moja. Vijana wa kaunta hawana kibodi ya Kikorea, wanabofya herufi mojamoja kwenye ukurasa wenye herufi hizo, inatokea ㅍㅣㄹㅌㅓ. Nimeipitisha kwenye NFC, haikuungana. Nikajaribu NFKC, usawazishaji mkali zaidi, ikatoka 피, kisha ᄅ peke yake, kisha 터.

Fundi_Kirumba

Mkuu, hizo ni jamo za aina ya tatu, za kuanzia U+3131. Zimewekwa kwa ajili ya kupatana na viwango vya zamani, kwa kuonyesha herufi ikiwa peke yake. Hazina mwanzo wala mwisho, ㄹ ni moja tu, U+3139. NFC haiziungi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. NFKC inazigeuza, lakini konsonanti za kawaida inazifanya za mwanzo, ndiyo maana ㄹ yako haikukaa chini ya 피. Na NFKC usiihifadhi kwenye jedwali: inageuza pia ㎜ kuwa mm na ² kuwa 2, vipimo vya spea vitaharibika.

Njia rahisi kwa kaunta ni kuacha silabi nzima na kutafuta kwa konsonanti za mwanzo peke yake, kama Wakorea wenyewe wanavyofanya kwenye simu. 필터 inatafutwa kwa ㅍㅌ.

```
MWANZO = 'ㄱㄲㄴㄷㄸㄹㅁㅂㅃㅅㅆㅇㅈㅉㅊㅋㅌㅍㅎ'

def vianzo(neno):
    jibu = ''
    for h in neno:
        n = ord(h) - 0xAC00
        jibu += MWANZO[n // 588] if 0 <= n < 11172 else h
    return jibu
```

Ongeza safuwima ya `vianzo` kwenye jedwali, ijaze wakati wa kuingiza orodha, baada ya NFC na si kabla, na uiwekee faharasa. 오일필터, filta ya oili, itakuwa ㅇㅇㅍㅌ. Kwenye matokeo onyesha jina zima na namba ya spea pamoja, maana mkanda ni 벨트, bolti ni 볼트, na zote mbili zinatoa ㅂㅌ.